Koti la Tabia Njema

Wanaosema kwamba nchi ya Sifania haipo ni watu ambao hawakuwahi kusoma katika shule zake. Ipo. Ina bendera, ina mipaka, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko mito yake, na ina Wizara ya Tabia Njema ambayo jengo lake ni refu kuliko hospitali zote za nchi hiyo zikipandishwa moja juu ya nyingine. Silisemi hilo kwa ubaya. Hospitali ni za wagonjwa, na Sifania haikuwa na wagonjwa wengi, kwa sababu ambayo mtaiona punde.

Zamani, kabla wizara haijaundwa, shule za huko zilichagua viongozi wa wanafunzi kwa njia za kizamani. Walimu waliwatazama watoto kwa miaka: nani akila humkumbuka mwenzake, nani akivunja kikombe husema nimevunja mimi, nani akipewa ufunguo wa stoo sukari haipungui. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mara nyingi aliyepatikana alikuwa mtoto wa mtu asiyejulikana. Ndipo Waziri, Mheshimiwa Dakta Shangwe, alipotoa ile hotuba ambayo watoto wa Sifania huikariri hadi leo.

"Ndugu wananchi," alisema, "tabia njema hujengwa kwa muda gani? Wataalamu wangu wameniambia, tangu mtoto anapotambaa hadi anapoota ndevu. Sasa mimi nawauliza, serikali sikivu ikae vibarazani inamsubiri mtu aote ndevu? Haiwezekani. Kuanzia leo tabia njema haijengwi tena. Inashonwa."

Basi kila shule ikaletewa koti moja la sufu, la rangi ya zambarau, lenye vifungo vya shaba. Sheria yake ilikuwa fupi. Anayelivaa ana tabia njema. Analolifanya akiwa amelivaa ni jema. Anayembishia amelibishia koti, na koti ni mali ya serikali. Makoti yote yalishonwa kwa kipimo cha mpwa wa Waziri, kijana mmoja aliyepita karibu fundi alipokuwa akitafuta mtu wa kumpima. Kwa hiyo kila mwaka wanafunzi wa madarasa ya juu walipanga mstari, wakalijaribu koti mmoja mmoja, na yule ambaye lilimkaa vizuri akawa kiranja mkuu. Kwingine koti hushonwa kumfuata mtu, Sifania mtu hutafutwa kulifuata koti, na hadi hapo hakuna aliyekuwa amelalamika kwa sauti.

Hivyo ndivyo Somoe Lipande alivyopata uongozi katika Shule ya Bweni ya Wasichana Mlimasifa. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega mapana aliyoyarithi kwa baba yake, mbeba magunia. Wenzake waliotangulia koti liliwameza, au mikono ikakwama kwenye viwiko. Kwa Somoe liliteremka lenyewe. Mwalimu Mkuu, Bwana Magoti, alimzunguka akivuta pindo hapa na pale, macho yamemlowa.

"Limekukaa," alisema. "Mwanangu, una maadili."

Somoe hakuwa mtoto mbaya. Nalisema mapema, kwa sababu yanayofuata yanaweza kuwafanya mumchukie, na mimi sipendi achukiwe bure. Alikuwa kama watoto wengi: mwema siku za wema, mvivu siku za uvivu, mwepesi wa kuahidi. Siku ya kurudi shule, pale kituo cha mabasi, mama mmoja wa kijijini kwao alimshika mkono bintiye, mtoto mdogo anayeitwa Zena aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza, akautia mkono huo ndani ya mkono wa Somoe.

"Nakukabidhi mwanangu," alisema. "Huko hana mtu. Wewe ndiye mkubwa wake."

"Ondoa shaka, mama," Somoe alijibu, na alipolisema alikuwa analimaanisha.

Wiki ya kwanza ya uongozi wake alipanga foleni ya ugali kama zamani. Bwana Magoti akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Kiranja, nimesikia umepanga foleni."

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukipanga foleni wewe, koti limepanga foleni. Wizara ikisikia kuwa koti la serikali limesimama jikoni na sahani mkononi, mimi nitajibu nini?"

Kesho yake Somoe alipita mbele. Alikula ameinamisha uso, na chakula kilimkwama kooni. Keshokutwa kilishuka vizuri zaidi. Baadaye hakuhitaji hata kwenda, sahani ilimfuata alipo, na nyama juu yake ziliongezeka bila mtu kuulizwa.

Kisha kulikuwa na lile kofi. Alimpiga msichana mmoja kwa hasira tu, asubuhi ambayo alikuwa ameamka vibaya, na mkono ulipotua tu akajua amekosa. Alikuwa amekwisha kufungua kinywa aombe radhi, lakini mwalimu wa zamu aliyekuwa ameona akaenda kulitangaza mstarini kama mfano wa uthabiti. Aliyepigwa aliitwa mbele ashukuru. Akashukuru, shavu bado jekundu, na shule nzima ikapiga makofi. Somoe alimwona usoni na moyo ukamuuma, ila makofi yalikuwa mengi, na ni vigumu sana kujichukia huku unashangiliwa. Tangu siku hiyo neno nisamehe halikutoka tena kinywani mwake. Hapakuwa na mahali pa kulitumia.

Zena alipangiwa kulihudumia koti. Alilipiga brashi, alilianika, alimchotea dada yake maji ya kuoga. Aliifanya kazi hiyo kwa furaha, kwa kuwa alimpenda Somoe na aliwaambia wenzake bwenini kwamba kiranja mkuu ni mtu wa kwao.

Ikaja habari kwamba Waziri mwenyewe atafika Mlimasifa kufunga Wiki ya Tabia. Mwaka huo mvua ilikuwa imekatika. Tangi la shule lilibakia na maji kidogo tu ya chini, na majani ya uwanjani yalikuwa yamekauka hadi yanavunjika yakikanyagwa. Bwana Magoti aliwaita viranja wote, akawaeleza kwa uchungu kwamba Mheshimiwa hawezi kukanyaga majani ya kahawia, itaonekana nchi ina ukame. Akauliza nani ana ushauri.

Somoe alisimama kabla ya wenzake. Hakuna aliyemtuma.

"Tangi lifungwe, mwalimu. Maji yote yamwagiliwe majani na maua. Sisi wanafunzi tutachota lamboni."

Bwana Magoti alimkumbatia. Lambo lilikuwa chini ya mlima, na ng'ombe wa jirani walikuwa wakiingia humo hadi tumboni wakati wa jua kali, wakafanya humo humo yote ambayo ng'ombe hufanya. Somoe alilijua hilo. Yeye alikunywa maji ya chupa pamoja na walimu.

Jioni hiyo Anjelina, kiranja wa chakula na rafiki yake tangu kidato cha kwanza, alimfuata nyuma ya bwalo.

"Somoe, ng'ombe wanakojoa kwenye lile lambo."

"Watoto wachemshe."

"Kwa kuni zipi? Kuni zote zimewekewa pilau la mgeni."

"Anjelina, mbona wewe kazi yako ni kunivunja nguvu?"

"Sikuvunji nguvu, shoga yangu. Nakwambia. Zamani wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kusema."

Jua lilikuwa bado kali, lakini Somoe akafunga kifungo cha juu cha koti. "Unaongea na mimi au na koti?"

Kulibishia koti lilikuwa kosa la adhabu kubwa. Anjelina alimtazama kidogo, akasema anaongea na koti na anaomba ruhusa ya kwenda, akaenda zake.

Haikuchukua muda wasichana wakaanza kukimbilia vyooni, wengine hawafiki. Hapa ndipo niwaeleze kwa nini Sifania haikuwa na wagonjwa wengi. Kwa mujibu wa kanuni, ugonjwa shuleni haupo mpaka utangazwe na kiranja mkuu, kwa kuwa yeye ndiye sauti ya wanafunzi. Usipotangazwa, gari la wagonjwa haliitwi na hospitali haipokei mtu. Anayetapika kabla ya tangazo haumwi, anapumzika. Mlango wa zahanati ya shule ulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi nzuri: Chumba cha Mapumziko.

Miongoni mwa waliokuwa wanapumzika, Zena ndiye aliyepumzika kuliko wote. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka. Nesi Kuruthumu, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alimfuata Somoe hadi chumbani kwake.

"Mwanangu, mimi nina maji ya chumvi na sukari basi. Wengine yanawasaidia. Yule mdogo wako hayakai tumboni. Anataka dripu, na anaitaka leo. Tangaza."

Somoe alikwenda kwa Bwana Magoti mbio mbio, koti linampiga magotini. Mwalimu Mkuu alikuwa akijaribu tai mbele ya kioo. Alimsikiliza kwa upole mkubwa.

"Kaa, kiranja. Tufikiri kiutawala. Ukitangaza ugonjwa, wataalamu watauliza umetokana na nini. Tutajibu, maji. Maji gani? Ya lambo. Nani aliamuru? Koti. Kwa hiyo koti limekosea. Koti likikosea, fundi kakosea. Fundi akikosea, aliyemwagiza kakosea. Na aliyemwagiza anakuja kesho kula pilau letu. Unaona mwenyewe jambo dogo linavyopanda ngazi?"

"Lakini Zena ana hali mbaya, mwalimu."

"Apumzike hadi kesho jioni. Mgeni akishapanda gari lake, tutautangaza huo ugonjwa kwa nafasi." Akainyoosha tai. "Tena nilisahau. Chuo cha Viongozi wa Kesho kimeomba jina moja kutoka kwetu. Nimeshapeleka la kwako."

Somoe alitafuta jibu. Alijua lipo, aliwahi kuwa nalo, watu wengine wanalo na hulitoa bila shida. Lakini miezi yote hiyo hakuna aliyempinga, na yeye hakuwahi kujipinga mwenyewe hata kwa jambo dogo kama kipande cha nyama. Sasa jambo kubwa limefika, akajikuta mikono mitupu. Aliogopa, akasema asante mwalimu, akatoka.

Alikwenda kumwona Zena. Mtoto aliomba maji, na maji yaliyokuwa chumbani humo ni ya lambo. Somoe akachukua kikombe akakimbilia tangi. Lilikuwa na kufuli, na mbele ya kufuli walisimama viranja wawili aliowaweka yeye mwenyewe, nao wakamweleza kwa adabu kwamba koti limekataza, na kulifungua ni kusema koti lilikosea. Mwishowe alichuchumaa uwanjani, akakinga kikombe kwenye mpira uliokuwa ukimwagilia majani. Majani yalikuwa yamependeza kweli, mabichi, yanang'aa. Alimnywesha Zena taratibu, na Zena akayatapika yote juu ya mkono wa koti.

Kesho yake Waziri alichelewa, kama inavyompasa mtu mwenye kazi. Alifika jua limeshainama, akitanguliwa na pikipiki na kufuatwa na gari la wagonjwa, kwani katika Sifania viongozi peke yao wana ruhusa ya kuugua bila tangazo. Bendi ikapiga. Mheshimiwa aliinama akayashika majani kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mwandishi wa redio akalieleza tendo hilo kwa wasikilizaji kwa muda mrefu.

"Wanaosema nchi hii ina ukame," Waziri alisema kwenye kipaza sauti, "waje Mlimasifa walale juu ya majani haya. Watoto wangu, mnaona matunda ya tabia? Majani yenyewe yana nidhamu." Makofi. Kisha akauliza swali lililo kwenye ratiba ya kila ziara. "Wanafunzi wangu, hamjambo?"

Swali hilo hujibiwa na kiranja mkuu kwa niaba ya wote, na jibu lake ni moja. Somoe alisogea mbele. Kutoka pale aliuona mlango wa Chumba cha Mapumziko, na Nesi Kuruthumu amesimama kizingitini. Hakumpungia wala hakumwita. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anasubiri.

"Hatujambo wote, Mheshimiwa," Somoe akasema. "Tabia imetamalaki."

Shule ilipiga makofi, bendi ikagonga ngoma moja, na mshereheshaji akafungua kinywa kuita ngonjera. Lakini Somoe hakuondoka. Alikuwa bado ameshika kipaza sauti, jasho likimtiririka ndani ya sufu.

"Nimesema uongo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akarudia. "Nimesema uongo. Kuna wagonjwa. Zena Nandonde yumo mle ndani, anakufa. Tangi nililifunga mimi. Nimekosa."

Mwandishi wa redio akazima chombo chake. Kule jukwaani alikuwapo mwanasheria wa wizara, kijana mwenye miwani, na watu wote walimgeukia.

"Mheshimiwa," alisema kwa shida, "kisheria koti halikosei. Ila koti limesema limekosea. Na linalosemwa na koti, kisheria, ni sahihi."

Waziri alijifuta uso. Akaamuru jambo liingie kikaoni, na wakubwa wakaingia chumba cha walimu pamoja na pilau. Somoe alisimama nje ya mlango akigonga. Alisema gari la wagonjwa lipo hapo hapo, limesimama, dereva amelala. Akaambiwa kikao kinaendelea. Alikaa chini kizingitini akalia bila kujificha, na viranja wenzake wakageuza nyuso kwa sababu hawakuwahi kuliona koti likilia.

Wakubwa walitoka na ufumbuzi ambao wizara inajivunia hadi leo. Koti halikukosea, linaumwa. Lilikuwa limetapikiwa, limeingiwa na vijidudu, na maneno yaliyosikika yalikuwa ya homa. Huo ndio ugonjwa uliotangazwa Mlimasifa mwaka huo. Somoe akavuliwa, koti likalazwa juu ya machela, likafunikwa shuka jeupe, na gari la wagonjwa likaondoka nalo kwa king'ora kuelekea mji mkuu ili koti likafuliwe kitaalamu. Bwana Magoti alisimama wima mpaka vumbi likatulia.

Lori lililoleta viti vya kukodi lilikuwa linapakia. Nesi Kuruthumu alimbeba Zena mgongoni, akamwendea dereva, akamwambia anataka kufika hospitali ya wilaya na hana karatasi yoyote ya kumwonyesha. Dereva alimtazama mtoto.

"Mpandisheni," alisema. "Hapo katikati ya viti."

Anjelina alipanda kushika kichwa. Somoe alipanda kushika miguu, na hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Njia ilikuwa mbovu, viti vikawagonga njia nzima. Anjelina hakumsemesha hata mara moja, naye Somoe aliona ni haki yake. Aliishika ile miguu midogo iliyokuwa baridi, akamwomba Mungu kwa maneno ambayo hakuwa ameyatumia tangu avae koti. Hospitalini Nesi Kuruthumu aligombana na mlinzi, na karani, na daktari wa zamu, kila mmoja kwa kiasi chake, hadi dripu ikatundikwa.

Redio ilitangaza kuwa ziara ilifana. Koti lilirudi limepigwa pasi, wasichana wakapangwa mstari, likampata mwingine. Somoe hakufukuzwa, maana Sifania haifukuzi mtu. Alifanywa mwanafunzi wa kawaida, adhabu ambayo kitabu cha sheria kinaiweka ya mwisho, chini kabisa katika orodha ya zile za kuogopesha. Jina lake liliondolewa Chuo cha Viongozi wa Kesho. Alipoambiwa hayo, aliuliza tu kama anaruhusiwa kwenda hospitali.

Zena alikuwa amelala peke yake kwenye kitanda cha dirishani, mama yake alikuwa bado njiani anakuja. Uso ulikuwa umerudi kidogo. Somoe alivuta kigoda akakaa. Alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu shuleni, mengi na mazuri, na yote yakapotea.

"Zena," alisema. "Nisamehe."

Mtoto alishtuka. Katika Mlimasifa neno hilo alikuwa amelisikia likitoka kwa wadogo kwenda kwa wakubwa, na hakujua linafanya nini likija upande huu. Akajaribu kuinuka asimame wima kama walivyofundishwa, mpira wa dripu ukamvuta mkono, akabaki amekaa nusu, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Nimefanya nini, dada?"

"Hujafanya kitu. Lala. Nimekosa mimi. Nilifunga maji, ukaugua kwa sababu yangu."

Zena alimsikiliza mpaka mwisho, kwa makini, akitafuta mahali ambapo kosa lake lilijificha. Hakulipata, lakini alikuwa mtoto mwenye heshima na hakutaka kumsumbua mkubwa.

"Sawa, dada," alisema polepole. "Na adhabu yangu ni ipi?"